Mbio Mbili

Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno mbio linabebeshwa mzigo mkubwa. Gari linalokata barabara ya Likasi kwa kilomita mia kwa saa liko mbio. Taksi-basi inayochomoka mbele ya wenzake mara tu abiria wa mwisho anapoingiza mguu, nayo iko mbio. Mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani kabla ya wengine amefanya mbio, na mama akikutuma chumvi atakuambia uende mbio. Kwa maisha ya kila siku neno hilo linatosha. Mimi nililiona likishindwa kazi mwaka jana, nilipokaa miezi mitatu na vijana kumi na mmoja wa sekondari waliokuwa wakiunda roboti ya mashindano. Ndani ya mashine ile kulikuwa na mbio mbili zilizogombana, na ilibidi tuchague.

Sikuitwa kwa ajili ya mashine. Mtu wa kitivo cha lugha haitwi kwa ajili ya mashine. Katika mashindano ya namna hii kila timu hupeleka, pamoja na roboti, daftari la uhandisi: humo wanafunzi wanaeleza walichojaribu, kilichoshindikana, na kwa nini walichagua hiki wakaacha kile. Waamuzi hulisoma, kisha huwaita vijana wachache mezani kulitetea. Mwalimu wao alikuwa na vijana hodari wa mikono na daftari lenye Kifaransa kilichochechemea. Akataka mtu wa kukinyoosha. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu ya klabu, pamoja na mikate na chai. Nikakubali.

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nashughulika na roboti, kila mmoja alifikiria ile ya njia panda. Tunawaelewa. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na shirika lake walisimamisha Kinshasa roboti za kuongoza magari, mashine za alumini zenye umbo la mtu, zinazotumia jua, na baadaye zikafika hata huku kwetu. Zile hugeuza kifua na kunyanyua mikono, lakini hazitoki mahali zilipo. Ukivuka mpaka kwenda Zambia, roboti ni taa tu ya barabarani. Na neno lenyewe lilizaliwa jukwaani: Mcheki Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, kutoka neno robota la lugha yake, maana yake kazi ya shuruti. Katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na uliojazwa na watu walioandikishwa kazi migodini, sidhani kama neno hilo linahitaji maelezo marefu.

Roboti yetu ilikuwa gari dogo la sentimita 45 kila upande. Kipimo hicho ni cha mashindano yanayojulikana kwa jina la FIRST Tech Challenge, ya taasisi ya FIRST iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na klabu nyingi duniani huiga kanuni zake hata pale ambapo mashindano ni ya kwao wenyewe. Uwanja ni mraba wa mita 3.66 kwa 3.66. Mchezo ni wa dakika mbili na nusu: sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha, zinazobaki inaongozwa na mikono ya vijana. Kazi kwa ujumla ni kuokota vitu upande huu na kuvitia kwenye kikapu upande ule. Anayefanya safari nyingi anashinda. Watu wengi waliotutembelea walituambia kwamba haraka haraka haina baraka. Methali nzuri, ila huyo aliyeitunga hakuwa akihesabiwa mipira.

Sasa mbio zenyewe. Mota tuliyokuwa nayo huzunguka mara 6000 kwa dakika ikiwa haibebi chochote. Gurudumu likifungwa moja kwa moja kwenye mhimili wake halitakwenda popote: nguvu ya kuzungusha ni ndogo mno, mota itanguruma, itapata moto na kunyamaza. Kwa hiyo kati ya mota na gurudumu huwekwa sanduku la gia, ambalo mafundi wa garaji huku huliita bwate. Gia ndogo inasukuma gia kubwa; mizunguko inapungua, nguvu inaongezeka. Hakuna kinachopatikana bure hapo, ni kubadilishana tu, kama sokoni.

Sisi tulikuwa na vipande vya gia vya aina tatu, viwili viwili, vilivyoandikwa 3, 4 na 5, vinavyopachikwa kimoja juu ya kingine. Mota za kuendesha zilikuwa mbili, moja kila gurudumu la nyuma. Mbele kulikuwa na magurudumu yenye vigurudumu vidogo pembeni yanayokubali kuteleza upande wakati wa kugeuka. Kila mota ilihitaji vipande viwili. Basi chaguo lilikuwa 3 na 4, ambayo ni 12. Au 3 na 5, yaani 15. Au 4 na 5, yaani 20. Watu wa lugha watafurahi kujua kwamba hata humo ndani jina na kitu haviko sawa: kilichoandikwa 3 kwa kweli ni 2.89, cha 4 ni 3.61, na cha 5 ni 5.23. Kwa hiyo 12 ni 10.4, na 20 ni 18.9. Ile 15 peke yake karibu inasema kweli.

Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha milimita 90, ndiyo kusema kila mzunguko linakata sentimita 28 hivi. Hesabu inatoka yenyewe: kwa 12, kasi ya juu kabisa ni mita 2.7 kwa sekunde. Kwa 15, mita 1.9, kwa 20, mita 1.5. Vijana wengi walisimama hapo. Tunataka mbio, mbio kubwa ni 2.7, tufunge 12, twende tukale. Wavulana watatu waliokuwa wameshateuliwa kwenda mezani kwa waamuzi walishika msimamo huo, na waliutetea kwa Kifaransa kizuri sana. Walijua kutaja la vitesse, l'accélération, le couple, kila neno mahali pake. Mwalimu aliniambia niandike hivyo.

Niliwauliza le couple ni nini. Mmoja akanipa fomula. Nikamwambia fomula nimeiona, nieleze kitu. Akacheka, wenzake wakacheka, kwa sababu kwa Kifaransa neno hilohilo ni bwana na bibi yake. Wakati ule niligundua jambo ambalo nadhani wengi wetu tuliosoma katika shule za mji huu tunalijua mwilini: mtu anaweza kupita mtihani wa fizikia miaka sita akiwa ameshika maneno kama mtu anayeshika mifuko ya watu wengine kituoni. Hajui kilichomo. Anajua tu kwamba asiiachie.

Nikaomba mazungumzo yahamie Kiswahili. Sikuwa na nia ya kutetea lugha, na sipendi sana hotuba za kutetea lugha; nilitaka tu kujua ninachoandika. Kwa dakika kumi tulikwama. Kiswahili tulichokuwa nacho pale mezani kilikuwa na nguvu moja na mbio moja. Kamusi za istilahi za Dar es Salaam zina kani kwa kinachosukuma, zina nishati, zina msuguano, na kwa kuongezeka kwa kasi zina mchapuko, neno ninalolipenda kwa sababu ukilitamka unasikia chapuchapu ndani yake. Nikaliandika ubaoni. Walilitazama kwa adabu, kama unavyotazama picha ya shemeji wa mbali.

Aliyevunja kimya alikuwa msichana wa darasa la nne ambaye hadi siku ile kazi yake ilikuwa kukata mabati na kukaza skrubu. Hakuwa kwenye orodha ya kwenda mezani, na sababu ilijulikana: Kifaransa chake kilikuwa cha shida. Alisema hivi, na niliandika papo hapo: “Yaya, kinga ya baba ilikuwa mbio sana, lakini ukitia makala, aiwezi kutoka. Njo maana alibadilisha pinyo ya nyuma.”

Kwa msomaji wa mbali: kinga kwetu ni baiskeli, na makala ni mkaa. Kila asubuhi barabara zinazoingia Lubumbashi hujaa wanaume wanaosukuma au kuendesha baiskeli zenye magunia yaliyosimama kuliko wao. Baiskeli hizo hazina gia za kubadilisha. Ya baba yake ilikuwa na meno 44 mbele, kwenye kanyagio, na 18 nyuma. Yeye aliyahesabu, kwa sababu alitumwa dukani kununua pinyo nyingine na muuzaji alitaka namba. Wakaweka ya meno 22. Toka siku hiyo kila kanyagio ilizungusha gurudumu mara mbili kamili badala ya mara mbili na karibu nusu. Kwenye tambarare, bila mzigo, vijana wa mtaa walimpita. Mlimani na magunia alitoka bila kushuka.

“Roboti yetu iko na makala,” alisema. Alikuwa na haki. Ilikuwa na uzito wa kilo 15.

Hapo Kiswahili chetu kikaanza kuzaa. Mbio zikagawanyika: kukimbia ni pale gari limeshafika kwenye mwendo wake, kukamata ni kutoka kwenye kusimama hadi kuufikia. Kukamata ni neno la madereva. Dereva anasema gari yake inakamata vizuri au haikamati, na kila mtu kwenye kiti cha nyuma anaelewa. Mchapuko nikaufuta ubaoni, nikaandika kukamata. Wenzangu wa istilahi wanisamehe. Johannes Fabian ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni jinsi Kiswahili kilivyotengenezwa hapa kiwe lugha ya kuongozea wafanyakazi. Kama kiliwekwa kwa kuamrisha mikono, mikono ilikijaza vitu vyake, na nyingi ya hizo ni maarifa ya mashine ambayo hakuna aliyeyaita fizikia.

Tukahesabu upya. Mota ya umeme ina tabia moja ya kushangaza: inasukuma kwa nguvu zaidi ikiwa imesimama, na kadiri inavyoharakisha nguvu hiyo inashuka, mpaka kwenye mizunguko yake ya mwisho haina tena cha kutoa. Kwa hiyo roboti haifikii kasi yake ya juu kwa ghafla. Inaikaribia kama mtu anayekaribia kushiba. Unachoweza kuuliza ni inachukua muda gani kufika karibu theluthi mbili ya kasi hiyo. Kwa kilo zetu 15 na mota mbili, bila kuhesabu hasara za njiani, 12 ilihitaji sekunde 0.83, na ndani ya muda huo ingekuwa imekula sentimita 83 za uwanja. Ile ya 15 ilihitaji sekunde 0.4 na sentimita 27. Ile ya 20, robo sekunde na sentimita 14.

Jambo lililonikalisha chini ni uhusiano wenyewe. Ukiongeza uwiano wa gia mara mbili, kasi ya mwisho inapungua nusu, lakini muda wa kuikamata unapungua mara nne. Unatoa moja, unapata mbili. Na kinyume chake: anayetaka kukimbia mara mbili zaidi atangoja mara nne. Nilirudi kwenye taksi-basi jioni ile nikilirudia kichwani. Nimesoma sarufi miaka mitatu na sikumbuki kanuni iliyowahi kunifanya nipite kituo changu.

Halafu kuna kusimama. Uwanja wa mita 3.66, ukitoa mwili wa roboti, unabaki na mita 3.2, na safari nyingi ni fupi kuliko hapo. Katika safari ya mita mbili na nusu lazima uanze na lazima usimame. Ni kama safari mbili fupi zilizoshonwa katikati. Mashine yenye kasi ya mita 2.7 inatumia uwanja mzima kuifikia kasi ambayo papo hapo inalazimika kuitupa. Mmoja wa wale wavulana watatu, na nampa heshima yake, ndiye aliyelisema hili kwanza, kwa Kiswahili, akiwa ameshika kichwa: tunanunua vitesi halafu tunaitupa kwenye ukuta.

Kwa nini basi tusifunge 20? Hili tulijibiwa na sakafu. Nguvu inayotoka kwenye gurudumu haina faida kama ardhi haiishiki. Tulifunga 20, tukabonyeza, na magurudumu yakazunguka mahali pamoja kwenye saruji laini ya darasa, yakilia kama mtu anayetembea na kandambili zilizolowa. Kwa hesabu, mota zetu kwa 20 zingesukuma kwa nyutoni 88. Mpira wa magurudumu yetu, na uzito uliokuwa juu yake, haukuweza kushika zote. Kwa 15 ilikuwa nyutoni 70, na gurudumu likashika. Tukahamisha betri nyuma, juu ya mhimili wa magurudumu yanayoendesha, ili yabanwe zaidi chini. Kwenye baiskeli ya makala, gunia zito linakaa hapohapo.

Tulijaribu zote tatu jioni moja kabla umeme haujakatika, kwa kuhesabu safari za kwenda na kurudi katika dakika mbili. Kwa 12 tulipata 17. Kwa 20 tulipata 20, betri ikiwa tayari mpya. Kwa 15 tulipata 21. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ni safari moja tu, na ningekuwa mwongo nikisema kwamba hesabu pekee ndiyo iliyoamua. Kijana aliyeshika vidhibiti alisema ile 20 inamrukia mkononi. Tukafunga 15.

Likabaki suala la meza. Nilimwambia mwalimu kwamba hoja iliyo katikati ya daftari ni ya yule msichana na kwamba hakuna mwingine atakayeitetea akiulizwa swali la pili. Mwalimu hakukataa kwa ubaya. Alikuwa na hofu ya kweli: timu zilizokuja na Kifaransa safi zilipewa alama nzuri miaka yote, na mfadhili mdogo tuliyekuwa naye alitaka kuona nafasi, si falsafa. Akisema Kiswahili, na hasa hiki chetu cha ku quartier, watamwona mtu asiyesoma. Nikamwambia kanuni zinaruhusu mkalimani na kwamba mkalimani yuko hapa, ameshakula mikate ya klabu miezi mitatu. Akafikiri siku mbili. Orodha ilipobandikwa, jina la msichana lilikuwa la tatu, na la kijana mmoja limetoka. Yule aliyetolewa hakunisalimia kwa wiki nzima, na sikumlaumu.

Daftari tuliliandika kurasa zikitazamana, Kifaransa kushoto, Kiswahili kulia. Upande wa kulia ulikuja mfupi kuliko wa kushoto karibu kila mahali, isipokuwa ukurasa wa baiskeli.

Mezani walikaa waamuzi watatu. Maswali ya mwanzo yalikwenda kwa wavulana, nao wakayajibu vizuri. Kisha mwamuzi wa katikati, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akauliza kwa Kifaransa kwa nini mota mbili, wakati sanduku letu la udhibiti lina nafasi ya nne. Wavulana walimgeukia msichana. Akaanza kwa Kiswahili, mimi nikiwa tayari nimefungua mdomo wangu kutafsiri: betri inapitia fyuzi ya ampea 20, kila mota ikikwama inavuta 8.5, nne zikianza pamoja ni 34, fyuzi inakufa, na sisi tunabaki tumesimama uwanjani. Sikupata nafasi ya kusema hata sentensi moja. Mzee alimjibu kwa Kiswahili, na kwa lafudhi ile ile ya kwake.

“Sasa, binti, kama unapunguzia umeme mu programu, zitoke pole pole, fyuzi aiwezi kufa.”

“Ndiyo, papa. Lakini pale atutakamata tena.”

“Kwa hiyo?”

Alitazama roboti muda mrefu kidogo. “Ile inategemea tutapunguza namna gani. Pengine mota ine zilizopunguziwa zinakamata kuliko mbili zilizoachiwa. Tutapima.”

Mzee akaandika kitu, akavaa miwani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa baiskeli na kumuuliza kama pinyo ya 22 inapatikana wapi siku hizi, maana yeye haioni tena madukani.

Tulimaliza wa tano kati ya timu kumi na mbili. Iliyoshinda ilikuwa na mota nne.